Kanda Iliyokatika Tanga, Wimbo Uliomalizikia Wacken

Kwa miaka mingi ya utoto wangu nilikuwa na wimbo mmoja wa Iron Maiden, bendi ya Uingereza ya muziki wa metali (heavy metal), ambao niliujua mpaka katikati tu. Unaitwa "Alexander the Great", nao ndio wa mwisho katika albamu yao ya mwaka 1986, Somewhere in Time. Niliufahamu kutokana na kanda ya mjomba wangu, aliyekuwa baharia wa meli za mizigo, na ambaye kila aliporudi Tanga kutoka bandari ya Hamburg alikuwa na kanda mpya ndani ya begi, imefungwa pamoja na sabuni na vitambaa vya mama. Redio yetu ya kaseti ilikuwa na tabia ya kula kanda. Siku moja ikaila hiyo, ikaukunjakunja utepe wa mwishoni mwa upande wa pili, na mjomba akakaa mkekani mchana mzima akiunyoosha kwa kucha na kuuviringisha kwa kalamu ya Bic, mpaka akakubali kwamba kipande cha mwisho hakifai tena. Akakikata kwa wembe na kuunga palipobaki kwa selotepu. Tangu siku hiyo, kila magitaa yalipoanza kuchemka katikati ya wimbo, kanda iliishia hapo, kitufe kikajifyatua chenyewe, na nyumba ikawa kimya.

Mjomba hakukubali hadithi iachwe njiani. Kwa kuwa wimbo ulimhusu Aleksanda wa Makedonia, na kwa kuwa yeye alikuwa amesoma madrasa kabla ya kusoma bahari, alikuwa akiumalizia kwa mdomo kwa kutusimulia habari za Dhulkarnaini, mfalme anayetajwa katika Kurani, ambaye wafasiri wengi wa zamani walimwona kuwa ndiye huyo huyo Iskandar, ingawa wapo wanazuoni waliolikataa jambo hilo. Alitueleza jinsi mfalme yule alivyofika machweo ya jua, kisha akafika mawio yake, kisha akajenga ukuta wa chuma na shaba kuwazuia Yajuju na Majuju. Kwangu mimi, huo ndio uliokuwa mwisho wa wimbo.

Sisi ni watu wa Ngamiani, katika mji uliozaa Black Star na Lucky Star upande wa taarabu, na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz upande wa dansi, kwa hiyo masikio ya majirani hayakuwa mageni kwa gitaa zuri. Hata hivyo, makelele yaliyotoka katika dirisha la mjomba yaliwashangaza. Yeye alikuwa na namna yake ya kuyafafanua, na mpaka leo sijasikia ufafanuzi unaonitosheleza kuliko huo: alisema wasikilizeni hawa kama mnavyosikiliza dansi, gitaa la solo na gitaa la ridhim, ila hapa yote mawili yanapiga solo kwa pamoja, moja juu na jingine chini, kama ndugu wawili wanaoimba wimbo mmoja. Mtu akishausikia muziki huu kwa masikio hayo, zile kelele hazimtishi tena.

Nilihamia Hamburg nikiwa mtu mzima, kwa sababu za kazi ambazo hazihusiani na muziki. Tiketi ya tamasha la Wacken la mwaka 2023, tamasha la muziki huo wa metali, niliinunua mwaka mmoja kabla, na tiketi za mwaka huo ziliisha ndani ya saa chache tangu zianze kuuzwa. Wakati huo nilijua kwamba Iron Maiden wangekuwepo, lakini sikujua watapiga nini. Kisha, tarehe 28 Mei 2023, bendi ilianza ziara yake mpya mjini Ljubljana, nchini Slovenia, na usiku ule ule habari ikaenea miongoni mwa mashabiki wa dunia nzima kwamba wamepiga "Alexander the Great" jukwaani, kwa mara ya kwanza katika historia yao, karibu miaka 37 tangu waurekodi. Nilimpigia mjomba simu. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya habari za nyumbani ambazo kwake haziharakishwi, nikamwambia. Akaninyamazia kwa muda, halafu akasema, "Hawajawahi kuupiga huo, mjomba." Nikamwambia sasa wameupiga, na mwezi wa nane nami nitakuwepo. Akasema, "Basi usikilize mpaka mwisho, kisha uje uniambie."

Wacken ni kijiji cha wakulima katika jimbo la Schleswig-Holstein, kaskazini-magharibi mwa Hamburg, chenye wakazi wapatao 2,000. Mwaka 1990 vijana wawili wa hapo, Thomas Jensen na Holger Hübner, waliandaa onyesho la bendi sita katika shimo lililokuwa likichimbwa kokoto, wakaja watu wapatao 800. Leo tamasha hilo huuza tiketi 85,000, na malisho ambayo mwaka mzima ni ya ng'ombe hugeuka kwa siku chache kuwa mji wa mahema. Fuvu la ng'ombe dume, ambalo ndilo nembo ya tamasha, huning'inizwa juu kati ya majukwaa makubwa, na usiku huwaka moto pembeni mwake. Mwaka 2017 walitandaza hata mabomba ya kupitishia bia chini ya ardhi, ili malori yasiendelee kulivuruga shamba. Mimi bia si kinywaji changu, nilikwenda na chupa ya chai ya tangawizi, lakini nilifurahishwa sana na fikra hiyo ya kumhurumia mwenye shamba na udongo wake.

Udongo huo ndio ulioamua kila kitu mwaka ule. Mvua ilikuwa imenyesha kwa siku nyingi mfululizo kabla ya tamasha. Tulifika Jumatatu tarehe 31 Julai, mimi na rafiki yangu wa Mombasa anayefanya kazi bandarini, tukiwa ndani ya gari lake dogo, na tulipoacha lami hatukusogea hata mita ishirini. Magurudumu yalizama mpaka kwenye ekseli. Tope lenyewe lilikuwa jeusi lenye kung'aa, zito kama bada, na lilishika: mtu akiinua mguu, gambuti ilibaki chini na soksi ikatoka peke yake. Akaja mkulima mmoja mzee na trekta lake, akasema "Moin", ambayo ndiyo salamu yao ya asubuhi, mchana na usiku, akashuka bila kuongeza neno, akapiga magoti katika tope lile lile na kuipapasa chini ya gari mpaka akaipata ndoana ya kuvutia. Alitukokota hadi sehemu yetu ya kambi, akafungua mnyororo, akatupungia mkono na kugeuza kwenda kumfuata mwingine. Nyuma yetu foleni haikuonekana mwisho. Nilihesabu matrekta kumi na moja yakifanya kazi hiyo hiyo katika kipande kile cha shamba nilichoweza kukiona.

Jumanne waandaaji walisimamisha kuingia kwa magari, na Jumatano tarehe 2 Agosti likatoka tangazo kwamba hakuna mtu mwingine atakayeruhusiwa kuingia. Siku ile ilikadiriwa kwamba watu wapatao 50,000 tu ndio waliokuwa wamekwisha kufika. Maelfu ya wengine walikuwa barabarani, wapo waliotoka mabara mengine, na waliahidiwa kurudishiwa fedha za tiketi, lakini siku zile hazirudishwi na mtu. Niliona kwamba uamuzi ule ulikuwa sahihi, kwa sababu katika shamba lile gari la wagonjwa lisingeweza kupita kama watu wangeongezeka. Hata hivyo jioni ile kambi ilikuwa na huzuni. Jirani na hema letu walikuwepo vijana watatu wa Kipoland waliokuwa wakimsubiri wa nne, ambaye alikuwa na nguzo za hema lao. Walilala ndani ya turubai lililofungwa kwenye gari, na asubuhi watu wa mahema ya pembeni, ambao hawakujuana nao wala hawakuwa na lugha moja, walikuwa wamewakusanyia kamba, vijiti na mablanketi.

Mambo ya aina hiyo niliyaona kila siku. Kijiji chenyewe hakijifungii ndani wakati wa tamasha, na katika barabara yake kuu wenyeji huweka meza mbele ya nyumba zao wakauza kahawa, keki na mikate yenye soseji, na watoto hupita na vigari vya kuvuta kwa mkono wakibebea wageni mizigo kwa malipo madogo. Bibi mmoja mwenye nywele nyeupe alikuwa ameweka bomba la bustani na beseni mbele ya geti lake ili anayepita aoshe miguu. Nilipomuuliza bei, alitikisa kichwa na kunielekeza kiti. Nilikaa pale nikiwa nimevaa fulana nyeusi yenye picha ya zimwi, nikimenyewa tofaa na bibi ambaye, kwa umri wake, nyumbani ningemwamkia kabla ya neno lolote. Basi nikamwamkia kwa Kiswahili, maana sikupata neno jingine la kutosha, naye akaitikia kwa "Moin".

Niseme pia juu ya ile ishara ya vidole viwili, cha shahada na cha mwisho, ambayo watu huiinua katika matamasha haya na ambayo huko kwetu wengi huihofia wakidhani ni ya shetani. Aliyeieneza katika muziki huu ni mwimbaji Ronnie James Dio alipokuwa na bendi ya Black Sabbath, naye alieleza mara nyingi kwamba aliirithi kwa bibi yake Mwitalia, aliyekuwa akiitumia kumkinga mtu na jicho baya. Watu wa pwani, tunaofunga hirizi kwa ajili ya husuda na kumwogopea mtoto macho ya watu, hatuna sababu ya kuiona ngeni. Nilipoiinua mkono wangu kwa mara ya kwanza kati ya maelfu ya mikono, nilimfikiria bibi huyo wa Dio, na nilimfikiria nyanya yangu aliyekuwa akitupaka wanja kwenye paji la uso kwa sababu hiyo hiyo.

Alhamisi tulizunguka. Mbele ya jukwaa moja dogo nilimwona kijana kwenye kiti cha magurudumu akiinuliwa na watu pamoja na kiti chake, akapitishwa juu ya vichwa vyao kutoka nyuma mpaka mbele kabisa, mikono ikipokezana bila haraka, na waliokuwa wakirukaruka wakatulia mpaka amepita. Katika yale mazunguko ambamo watu hukimbia wakigongana, ambayo kwa mbali yanaonekana kama ugomvi, kuna kanuni inayofuatwa na kila mtu: aliyeanguka huinuliwa kwanza. Katika tope lile walianguka wengi, na sikumwona hata mmoja aliyeachwa chini. Wiki hiyo hiyo bendi ya Megadeth walimpandisha jukwaani mpiga gitaa wao wa zamani, Marty Friedman, aliyekuwa ameondoka katika bendi hiyo zaidi ya miaka ishirini nyuma, na watu wazima wenye mvi walilia wazi wazi. Lakini mimi nilikuwa nahesabu saa za Ijumaa, siku ya Iron Maiden.

Katika siku hizo ndipo Iron Maiden walipotoa taarifa iliyotushtua kambini. Mpiga ngoma wao, Nicko McBrain, alikuwa amepatwa na kiharusi mwezi wa Januari, kikampooza upande wa kulia kuanzia begani kwenda chini, na alikuwa amefanya mazoezi ya kujirudisha kwa majuma kama kumi ili awahi ziara. Alikuwa na miaka 71. Maana yake ni kwamba maonyesho yote tangu lile la Ljubljana alikuwa ameyapiga akiwa ametoka katika hali hiyo, wala watazamaji hawakujua. Mjomba siku zote alikuwa na mapenzi ya pekee na Nicko, kwa sababu hupiga ngoma ya mguu kwa pedali moja mahali ambapo wengine wanatumia mbili, na alikuwa akituonyesha kwa kugonga sakafu na kisigino. Nilimwandikia ujumbe kumweleza, lakini mtandao wa shamba lile ulikuwa umezidiwa na ujumbe haukutoka.

Ijumaa tarehe 4 Agosti nilikwenda mbele ya jukwaa mapema, nikasimama na gambuti zangu zimezama mpaka kwenye vifundo, na sikuondoka tena pale. Kila shabiki wa Iron Maiden anajua kwamba ukipigwa katika spika ule wimbo wa "Doctor Doctor" wa bendi ya UFO, basi wao wako nyuma ya pazia. Ulipoanza, watu waliokuwa wamechoka, waliokuwa na tope mpaka nywele, walianza kuimba kwa sauti moja, na nilihisi mtetemo wake kifuani kabla bendi haijagusa ala. Walifungua kwa "Caught Somewhere in Time", wimbo wa kwanza wa upande wa kwanza wa kanda ya mjomba. Baadaye, katika "Heaven Can Wait", Eddie, lile zimwi ambalo ndilo nembo ya bendi, likatoka na bunduki yake na mwimbaji Bruce Dickinson akapigana nalo risasi za mwanga jukwaani, kama watoto wanavyocheza vita uwanjani, na kwa hakika kila aliyekuwa karibu nami alikuwa na uso wa mtoto.

Kisha taa zikashuka na ukaja upepo. Wimbo ule huanza kwa sauti ya upepo na maneno ya mfalme anayemwambia mwanawe atafute ufalme mwingine, kwa kuwa alio nao yeye ni mdogo kwake. Nilisahau kupiga picha. Steve Harris, aliyeutunga, alikuja ukingoni mwa jukwaa na besi lake akiimba maneno yote bila kipaza sauti, kama anavyofanya siku zote. Magitaa matatu, la Dave Murray, la Adrian Smith na la Janick Gers, yaliingia pamoja, na beti zikapita moja baada ya nyingine mpaka tukafika pale. Nilipajua kabla ya kufika. Mwili wangu ulikuwa umezoea kwa miaka mingi kwamba hapo ndipo kitufe kinapojifyatua, na ingawa nilikuwa nimeshausikiliza wimbo mzima mtandaoni mara nyingi tangu nihamie Ulaya, nilijikuta nimebana pumzi.

Haukukatika. Magitaa yalichemka, yakabadilisha mwendo, moja likatoka na kurudi, jingine likalipokea. Na chini ya yote hayo nilimwangalia mtu mmoja tu, ambaye kutokana na wingi wa ngoma zinazomzunguka huonekana mikono na utosi peke yake. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukipanda na kushuka kwenye upatu. Palikuwa na mahali ambapo mapigo yalikuwa mazito kidogo kuliko yale ya kwenye kanda, na kwangu yalipendeza zaidi hivyo, kwa sababu nilisikia kazi iliyomo ndani yake. Rafiki yangu wa Mombasa, ambaye si shabiki wa bendi hii na alikuja kwa ajili ya kunisindikiza, alinishika bega bila kusema kitu, akaliachia wimbo ulipokwisha.

Walifunga kwa "Wasted Years". Ilituchukua karibu saa nzima kurudi hemani, mwendo ambao kwenye ardhi kavu ni wa dakika kumi. Nicko aliendelea na ziara hiyo hadi alipostaafu safari za maonyesho Desemba 2024, na kila nikisoma jina lake naukumbuka mkono ule.

Mtandao ulirudi Jumapili tulipofika barabara kuu, baada ya trekta jingine kutuvuta kutoka shambani. Nilimpigia mjomba tukiwa kituo cha mafuta, nikiwa bado na tope kwenye nyusi. Swali lake la kwanza lilikuwa la mpiga ngoma, kwa maana ujumbe wangu ulikuwa ndio kwanza umemfikia, na alitaka kujua hasa kama mguu wa kulia ulikuwa ukifanya kazi, pedali moja au mbili. Nikamwambia moja. Akashukuru Mungu. Kisha akauliza wimbo unaishiaje, jukwaani, kwa mdomo wa mwimbaji mwenyewe, na nikamwambia kwamba beti la mwisho linasema mfalme alikufa kwa homa huko Babeli.

Nilisikia pikipiki ikipita barabarani kwao, na mtu akimsalimu, naye akaitikia. Halafu akasema taratibu, "Kumbe ni homa tu. Mimi miaka yote hii, mjomba, nilikuwa nimemwacha hai."